Ampli ya lampi: mambo ya kuangalia mbele korali itoe franga

Huko Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitchanga, korali yetu ilichanga franga miaka miwili kusudi inunue ampli ya gitare. Wamama walitoa kidogo kidogo kwenye maharagi na viazi, vijana wakatoa kwenye kazi ya pikipiki. Mimi nilikuwa mpiga akompa, na nilikuwa kati ya wale watatu waliotumwa Goma na ile franga. Tulinunua ampli kubwa ya okazyo. Muuzaji alituambia: «Hii ni ya lampi, hii ndiyo wanatumia fasi wanarekodi muziki.» Tukafurahi, tukapanda nayo.

Siku ya Mungu tuliiwasha na jenereta ya kanisa. Lampi za ndani ziliangaza kwa nguvu sana, watu wakashangilia. Kiisha harufu, kiisha moshi. Wimbo wa pili hatukuufikia. Fundi redio alipofungua, alituonyesha vitu viwili. Kwa nyuma iliandikwa 120V, na sisi tulikuwa tumeitia karibu 230. Tena fyuzi haikuwa fyuzi: mtu fulani alikuwa ameifunga na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ile fyuzi ndiyo ingekatika na kuokoa ampli. Transfo iliungua, na franga ya miaka miwili ikaenda na moshi.

Toka siku ile, vijana wengi wanatuuliza hapa redioni: ampli ya lampi ni kitu gani, na kama inafaa kutolea franga mingi hivyo. Makala hii inajibu, hatua kwa hatua.

Lampi ni nini?

Lampi hapa si taa ya kuangazia nyumba, hata kama zinafanana. Ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa ndani. Katikati kuna waya inayopata moto, na ule moto unafanya chembe ndogo za umeme ziruke kutoka kipande kimoja cha chuma kwenda kingine. Kati ya vipande hivyo viwili kuna wavu. Umeme kidogo sana unaotoka kwenye gitare unaingia kwenye ule wavu, nao unafungua na kufunga njia ya umeme mkubwa. Ni sawa vile mkono wa mtoto unaweza kufungua robine ya maji mengi. Ndivyo sauti ndogo ya nyuzi inakuwa sauti kubwa ya kutikisa bafle.

Lampi yenye wavu ilitengenezwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Kwa miaka makumi mane, redio nyingi za dunia zilitembea na lampi. Mwaka 1947 transista ikavumbuliwa, ndogo, baridi, ya bei nafuu, na redio zikahama. Lakini wapiga gitare wengi walikatala kuhama, juu ya sauti. Ukipiga ampli ya lampi kwa nguvu kupita uwezo wake, sauti haikatiki ghafula. Inajikunja pole pole na kuwa nzito, yenye joto. Transista ya kawaida ikipita uwezo wake inakwaruza vibaya. Tena ampli ya lampi inafuata mkono: ukigusa uzi kidogo inasema kidogo, ukigonga inajibu.

Na msidharau mafundi redio wetu. Leo Fender, yule ambaye ampli zake zinatafutwa dunia mzima, alianza na duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitare.

Je, muziki wetu unaihitaji?

Hili ni swali la kwanza, na watu wengi wanaliruka. Kwa roki ya Uingereza na Marekani, ile sauti ya lampi yenye kulewa kidogo ndiyo muziki wenyewe. Kwa sisi ni tofauti. Gitare ya Kongo, toka wakati wa Docteur Nico na Franco, inapenda sauti safi. Kwenye sebene, solo iko juu, mi-solo iko katikati, akompa iko chini, na kila moja lazima isikike peke yake. Sauti ikilewa, gitare tatu zinakuwa uji mmoja.

Kwa hiyo mpiga sebene akitaka lampi, anahitaji ampli yenye nguvu ya kubaki safi hata ikipandishwa, na ile ndiyo nzito na yenye bei kali zaidi. Kumbe iko ampli moja ya transista, Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ambayo dunia nzima inaijua kwa usafi wa sauti. Haina lampi hata moja.

Tukumbuke pia ndugu zetu wa Konono N°1 wa Kinshasa. Mzee Mingiedi alitengeneza mikro za likembe na sumaku zilizotoka kwenye vyuma vya magari, na wakatembea dunia nzima na sauti ile. Kifaa kinasaidia, lakini mkono ndio unapiga.

Basi, nani anahitaji lampi kweli? Mpiga solo anayerekodi, anayelipwa kwa sauti yake, ao bendi yenye fundi karibu na umeme wa kutulia. Kama korali yako inapiga mara moja kwa juma ndani ya kanisa la mabati, ampli nzuri ya transista inatosha, na franga inayobaki itanunua bafle na mikro za waimbaji. Kama bado unaitaka, endelea kusoma.

Wati: mingi si bora

Watu wanauliza «iko na wati ngapi?» kama vile wanauliza kilo za mchele. Lakini sikio halihesabu hivyo. Ukiongeza wati mara mbili, sikio linasikia tofauti ndogo tu. Kusudi mtu aseme «sasa sauti imekuwa mara mbili», unahitaji wati mara kumi.

Chukua mfano wa ampli mbili za Fender zinazojulikana sana. Deluxe Reverb iko na wati 22. Twin Reverb iko na wati 85. Kwa karatasi, Twin ni karibu mara nne. Kwa sikio, haifiki hata mara mbili. Kitu unanunua kwenye Twin ni ule usafi: inabaki safi fasi Deluxe imeanza kulewa. Kwa kanisa la watu mia mbili, wati 22 za lampi mbele ya mikro moja zinatosha. Kwa uwanja wa wazi, hata wati 85 zitahitaji mikro.

Uangalie pia uzito. Deluxe ni kilo 19 hivi. Twin inakaribia kilo 29. Vox AC30, ya Waingereza, inapita kilo 30. Hili si jambo dogo kwetu. Mapigano yalipofika Kitchanga Januari 2023, watu wengi wa upande huu walikimbia na kile tu wangeweza kubeba. Mama anabeba mtoto na godoro. Nani atabeba ampli ya kilo 30? Kitu cha korali lazima mtu mmoja aweze kukibeba.

Umeme ndio unaua ampli

Hapa ndipo sisi tulianguka. Geuza ampli, soma kibati cha nyuma mbele ya kuuliza bei. Kwetu inahitaji kuandikwa 220 ao 230V, 50Hz. Ikiandikwa 120V, 60Hz, ilitengenezwa kwa Marekani. Ampli zingine ziko na kifungo cha kuchagua voltazi. Zingine hazina, na usimwamini mtu anayesema «itazoea».

Ampli ya 120V inaweza kutumika na transfo ya kuteremsha umeme. Lakini ile transfo iwe na nguvu karibu mara mbili ya kile ampli inakula. Tena, kwa sababu umeme wetu ni wa 50Hz, transfo ya ndani iliyotengenezwa kwa 60Hz peke yake inapata moto zaidi. Ni njia ya kuponea tu. Ukiweza kupata ya 230V, chukua hiyo.

Jenereta ndogo ni adui mwingine. Mtu akizima pasi ao pompi, voltazi inaruka. Weka stabilizateri kati ya jenereta na ampli. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe ampli. Mwisho wa ibada, zima ampli kwanza.

Kwa wenye batri na sola, tupige hesabu. Ampli ya lampi inakula umeme mwingi kuliko wati za sauti yake, kwa sababu lampi zinataka moto wakati wote, hata kama hakuna anayepiga. Tuseme ampli ya wati 22 inakula wati 150. Kwa saa tatu za ibada ni 450. Konvertisa nayo inapoteza sehemu, basi utatoa kama 530 kwenye batri. Batri ya 12V yenye 100Ah iko na 1200, lakini batri ya risasi usiipitishe nusu, ni kusema 600. Kwa hiyo batri moja inatosha ampli hiyo peke yake, bila taa, bila mikro, bila kinanda. Ukichukua ampli inayokula wati 260, saa tatu ni 780, na pamoja na ile inapotea ni zaidi ya 900. Hapo ni batri mbili.

Konvertisa iwe ile ya wimbi safi. Zile za bei ya chini zinatoa umeme wa ngazi ngazi. Ampli inanguruma, na transfo inapata moto.

Bei na majina

Ampli mpya za lampi za viwanda vikubwa, kama Deluxe Reverb, Twin Reverb ao Vox AC30, zinauzwa huko Marekani na Ulaya kwenye dola 1500 na kupanda. Zile zinazounganishwa waya kwa waya na mikono ya mafundi, kama Matchless ya California, zinapita dola 3000. Hapo hujahesabu ndege ao meli, njia ya Mombasa ao Kigali, na duane. Uliza duane mbele ya kununua, usiulize mzigo ukishafika mpakani.

Kazi ya mikono inasaidia nini? Sauti, wanasema wengi, na juu ya hiyo watu hawaelewani. Lakini faida moja ni ya hakika: fundi anaweza kuona kila waya na kubadilisha kipande kimoja kwa chuma cha kulehemu. Kwenye ampli ya kiwanda, lampi mara nyingi zimekaa juu ya kibati kimoja chembamba, na kibati kikiungua kazi ni ngumu.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Ukiwa Birere ao fasi nyingine ya okazyo, nenda na fundi na gitare yako mwenyewe. Usiende na franga yote mfukoni siku ya kwanza. Kiisha fuata hivi:

1. Soma voltazi kwenye kibati. Mwambie fundi atoe fyuzi, aangalie kama ni fyuzi kweli na namba yake inalingana na ile iliyoandikwa.

2. Angalia plagi. Iwe na miguu mitatu, na ule mguu wa udongo usiwe umekatwa.

3. Hakikisha bafle imeunganishwa mbele ya kuwasha. Ampli ya lampi ikipigwa bila bafle inaweza kuunguza transfo yake ya kutolea sauti. Namba ya omu ya bafle, 4, 8 ao 16, ilingane na ile ya tundu la nyuma. Waya ya bafle iwe nzito. Waya ya gitare haifai pale.

4. Washa, ngoja dakika moja ao mbili lampi zipate moto. Rangi ya machungwa kwenye waya ya katikati ni kawaida. Kama kile chuma kikubwa cha nje ndani ya kioo kinakuwa chekundu, zima mara moja.

5. Sikiliza bila kupiga. Mlio mdogo ni kawaida. Ngurumo kubwa ni kondensateri zilizozeeka.

6. Gonga kila lampi polepole na kalamu ya mti. Ile inayolia kama kengele imechoka.

7. Piga dakika makumi tatu, si tano. Magonjwa mengi yanatoka ampli ikishapata moto. Geuza kila kifungo, usikilize kama kinakwaruza.

Muuzaji akikatala hizo dakika makumi tatu, amekwisha kukujibu.

Lampi zitatoka wapi?

Lampi inazeeka kama tairi. Zile ndogo za kuanzia, kama 12AX7 ambayo Ulaya inaitwa ECC83, zinaweza kudumu miaka mingi. Zile kubwa za nguvu, EL34, EL84, 6L6 na 6V6, zinachoka kwa mwaka mmoja mpaka tatu kufuatana na matumizi. Leo viwanda vikubwa vinavyobaki viko Urusi, Slovakia na China. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, lampi za Urusi zilikuwa ngumu kupatikana kwa muda na bei ikapanda. Huku milimani, ukingoja lampi iharibike ndipo uagize, korali itakaa miezi kimya. Nunua za akiba siku ileile unanunua ampli.

Tena kuna jambo fundi wengi hawalisemi. Kwenye ampli nyingi, kama zile za Fender, ukibadilisha lampi za nguvu lazima fundi apime na kurekebisha umeme unaopita ndani yake. Kwenye zingine, kama Vox AC15 na AC30, zinajirekebisha zenyewe: unatoa za zamani, unatia mpya za jozi moja, unapiga. Kwa fasi isiyokuwa na fundi wa lampi, hiyo inaweza kuwa sababu kubwa ya kuchagua kuliko sauti.

Barabara, na hatari ya kifo

Adui wa lampi ni mtikisiko. Mbele ya kupanda kutoka Sake, zima ampli, iache ipoe robo saa, kiisha toa lampi na uandike kila moja ilikuwa fasi gani. Zifunge ndani ya nguo, mtu azibebe mkononi. Ampli yenyewe ikae juu ya godoro. Ukifika na baridi na ukungu wa huku kwetu, usiwashe palepale. Iache ndani ya nyumba usiku mmoja ikauke.

Sasa neno la nguvu. Ndani ya ampli ya lampi kuna volti 400 na zaidi, na kondensateri zinaweka ule umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Kijana asiyejua asifungue kwa udadisi. Inaua.

Vilevile mguu wa udongo. Mpiga gitare anashika nyuzi za chuma na kuweka midomo kwenye mikro. Kama ampli ao mikro haina udongo, umeme unapita katikati ya mwili. Mwaka 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitare Les Harvey wa bendi Stone the Crows alikufa jukwaani kwa namna hiyo, mbele ya watu. Kanisani kwetu, ambamo sakafu inalowa wakati wa mvua, tunahitaji nondo ya chuma iliyochimbiwa ndani ya udongo na waya nzuri. Kama jenereta yenu haina, ianzeni hiyo mbele ya ampli yoyote.

Hesabu ya mwisho

Mbele ya kutoa franga, kaeni chini wote, si viongozi peke yao, muandike kwenye karatasi moja: ampli, njia na duane, stabilizateri ao konvertisa ya wimbi safi, batri, nondo ya udongo, lampi za akiba, na franga ya fundi. Jumlisha. Kama ile jumla inapita kile kiko kwenye kasha, basi hamujaweza kununua ampli ya lampi bado, hata kama bei yake peke yake munayo.

Sisi, baada ya ule moshi, tulichanga tena. Mara hii tulinunua ampli ndogo ya transista, 230V, ambayo mtu mmoja anabeba begani. Haiko na sifa, lakini kila siku ya Mungu inaamka. Mpiga solo wetu bado anataka lampi, na siku moja ataipata. Tumemwambia kitu kimoja tu: siku hiyo, asome kwanza kibati cha nyuma.